Ulaghai wa simu: Mwenye laini ya kuazima Ras Kamboni hana akaunti

MCHUUZI wa kamba mawe aliye Ras Kamboni hana tena haja ya kufunga bunda la noti kiunoni anapopanda mashua kuelekea Kiunga. Pesa zake zimo ndani ya rununu. Hupakua mzigo asubuhi, hulipwa na tajiri aliye Lamu au Mombasa ambaye pengine hajawahi kuonana naye ana kwa ana, na kabla ya magharibi sehemu ya pesa hizo imeshafika kwa mamake Kismayu.

Hili si jambo dogo. Wanaokumbuka miaka ya tisini, ambapo msafiri hakujua atakutana na nani njiani wala atabakishiwa nini, watakubali kwamba simu imeokoa mali nyingi na hata maisha.

Hata hivyo, swali limebaki pale pale. Pesa zilizo ndani ya simu, au katika akaunti ya benki inayofunguliwa kwa simu, ziko salama kiasi gani?

Wengi hulipeleka swali hili kwa wajuzi wa tarakilishi. Wanataka kuelezwa habari za wadukuzi walioketi nchi za mbali wakivunja kufuli za benki. Hatari hiyo ipo. Februari 2016, wezi wa mtandaoni walichota dola milioni 81 za Benki Kuu ya Bangladesh zilizokuwa zimehifadhiwa New York, bila kufyatua hata risasi moja.

Lakini mvuvi wa Ras Kamboni si Benki Kuu ya Bangladesh. Mwizi wake hahitaji ujuzi wote huo. Anahitaji nambari ya siri yenye tarakimu nne, au laini mpya iliyobeba nambari ile ile ya mvuvi. Na katika mpaka huu upo mlango mmoja ambao watu wenyewe wameuacha wazi kwa miaka mingi, nao ni laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Jambo hili halitokani na ujinga. Lina historia yake.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa Kismayu na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula walikimbilia Kenya kwa mashua. Wengi walipokelewa katika kambi za Jomvu, karibu na Mombasa, na Marafa, upande wa Malindi. Kambi hizo zilifungwa kabla ya mwisho wa mwongo ule. Baadhi yao walirudi kwao, wengine wakahamishwa, na wengine wakazama miongoni mwa jamaa zao wa Lamu, Faza, Kizingitini na Mombasa bila karatasi yoyote mkononi.

Kisha ikaja M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007. Ili kufungua akaunti ilibidi uwe na kitambulisho. Asiyekuwa nacho alifanya jambo la kawaida kabisa katika jamii zetu: alimwendea ami, shangazi au binamu mwenye kitambulisho cha Kenya, akasajiliwa laini. Hakuna aliyeona ubaya. Damu ni ile ile.

Si wakimbizi pekee waliofanya hivyo. Mbajuni aliyezaliwa Kiunga au Ishakani, ambaye nyanya yake alizikwa hapo, alikuwa akihojiwa zaidi ya Mkenya wa bara kila alipoomba kitambulisho. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa utaratibu huo wa mahojiano ya ziada kwa wakazi wa maeneo ya mpakani. Lakini laini zilizosajiliwa katika miaka yote ya kusubiri zingali zinatumika, na majina yaliyomo ndani yake ni yale yale ya siku ile.

Kuna kundi la tatu, nalo ni la wale waliorejea Somalia kwa mpango rasmi. Kenya, Somalia na shirika la UNHCR zilitia saini makubaliano ya pande tatu Novemba 2013, na safari za kwanza zikaanza Desemba 2014. Kismayu ilipokea sehemu kubwa ya waliorudi. Huyu aliyesajili laini yake ya Kenya kwa kadi ya mkimbizi anapovuka mpaka, hadhi yake ya ukimbizi inakoma na kadi ile haifanywi upya. Laini bado inaita, M-Pesa bado inaingia, lakini stakabadhi iliyoibeba imekufa. Siku simu itakapotumbukia baharini ndipo atakapojua.

Tuangalie sasa yanayotokea.

Mtu akipoteza simu, hupewa laini nyingine yenye nambari ile ile. Anayestahili kuomba ni mwenye jina, kwa kitambulisho chake. Kwa hivyo binamu uliyeazima jina lake anaweza wakati wowote kwenda dukani, akapewa laini mpya, na ile iliyo mkononi mwako ikazimika. Hatakuwa amevunja kufuli yoyote. Mbele ya kampuni na mbele ya sheria, laini ni yake. Kanuni za usajili wa laini nchini Kenya zinamtambua aliyesajiliwa, si anayeishika.

Msomaji ataniambia, "Binamu yangu hawezi kunitenda hivyo." Huenda ni kweli. Lakini binamu hufa, na warithi wake wakaja na hesabu zao. Binamu huoa, hutalikiwa, huhamia Uarabuni na kuacha kitambulisho chake mikononi mwa wengine. Binamu pia hukopa. Tangu M-Shwari ianze Novemba 2012 na Fuliza Januari 2019, laini ya M-Pesa haibebi akiba pekee bali pia mkopo. Aliyekopa kwa laini ya jina la mwenziwe akashindwa kulipa, jina linaloharibika ni la yule mwenye kitambulisho. Hapo undugu huingia mchanga.

Na mlaghai naye anaifahamu njia hiyo hiyo. Wizi wa kubadilisha laini, ambao umewaliza Wakenya wengi, huanza na mtu kupata nambari ya kitambulisho chako na mambo machache kukuhusu. Kisha hujifanya wewe, huomba laini mpya, na nambari yako huhamia kwenye simu yake. Dalili ya kwanza ni simu yako kukosa mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wanaupata. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni dalili tosha ya kukimbia dukani. Kwa mtu wa Ras Kamboni, ambapo mtandao huja na kwenda kama maji kupwa na maji kujaa, atadhani ni mnara tu. Atalala. Kufikia asubuhi akaunti imefagiliwa, na mkopo umechukuliwa juu yake.

Wenye akaunti za benki wasidhani wamepona. Benki nyingi hutuma nambari ya kuthibitisha kwa ujumbe wa simu kila mteja anapoingia mtandaoni au anapohamisha pesa. Aliyeichukua laini yako ameuchukua mlango wa benki pia. Benki inaweza kuwa na kuta za chuma, lakini ufunguo wake umeuning'iniza kwenye laini ya simu.

Nirudi kwenye suala la jina, maana hapo pana jambo ambalo halizungumzwi.

Safaricom ilipoona watu wanatuma pesa kwa nambari zisizo sahihi, ilileta huduma iliyoiita Hakikisha. Kabla pesa hazijatoka, jina la mpokeaji hutokea kwenye kioo na mtumaji hupewa nafasi fupi ya kufuta. Ni kinga nzuri, pengine bora kuliko zote kwa mtu wa kawaida. Lakini hufanya kazi pale tu jina linapolingana na mtu.

Katika biashara ya mpakani halilingani. Tajiri wa Lamu hutuma malipo kwa nahodha anayemfahamu kwa jina la kiume, na kioo kikamwonyesha jina la mwanamke wa Kizingitini. Mara ya kwanza hupiga simu kuuliza. Huambiwa, "Hiyo ni laini ya shangazi." Mara ya pili hapigi. Mara ya kumi haangalii tena. Mlaghai akija na nambari yake mwenyewe akasema "leo tuma kwa hii, ile nyingine haina chaji", jina geni halimshtui mtu. Tumejifundisha wenyewe kutosoma.

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kumcheka yeyote. Niliwahi kumlipa mtu wa mashua kwa nambari niliyotumiwa kwa ujumbe, jina likatokea ambalo silijui, nikajiambia ni la mkewe. Halikuwa la mkewe. Alipopiga jioni kuuliza malipo yake nilikuwa nimeshalipa, isipokuwa si yeye niliyemlipa.

Pamoja na hayo, pesa hazipotei kwa walaghai pekee. Watu wa mwambao huu wameona akaunti zikifungwa kutoka juu, na hawajasahau.

Baada ya benki za serikali kuporomoka, Wasomali waliishi kwa hawala. Ulinzi wa hawala ulikuwa ni watu. Mpokeaji aliulizwa ukoo, jina la babu, jina la anayemfahamu pale mjini. Huwezi kudukua nyanya ya mtu. Al-Barakaat ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa zaidi za kazi hiyo, na Novemba 7, 2001, Marekani ilifunga ofisi zake na kuzuia mali zake kwa madai kwamba zilifadhili ugaidi. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilipochapisha matokeo yake mwaka 2004, haikuwa imepata ushahidi wa maana wa madai hayo. Lakini mjane aliyekuwa akisubiri dola 100 kutoka kwa mwanawe hakuwa na haja na matokeo ya tume. Alikuwa na haja na unga.

Mwaka 2013, Barclays ilitangaza kwamba itafunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma pesa nchini Uingereza, ikiwemo Dahabshiil. Wasomali walioko huko walilalama, mwanariadha Mo Farah akiwa miongoni mwao, na Dahabshiil ikaenda mahakamani kupata muda zaidi. Februari 2015, Merchants Bank ya California ikajiondoa vilevile.

Kisha ikafika zamu ya Kenya. Siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa. Ziliruhusiwa kurejea kazini mwezi Juni. Kwa muda huo, mfanyabiashara aliyekuwa na mali Mombasa na deni Kismayu alijikaza alivyoweza.

Upande wa Somalia nako mkono wa serikali umeanza kufika. Januari 2023, wakuu wa Mogadishu walitangaza kwamba walikuwa wamefunga takriban akaunti 250 za benki na nambari za pesa za simu zipatazo 70 zilizohusishwa na Al-Shabaab. Hatuna sababu ya kulilia akaunti za Al-Shabaab, kundi ambalo Oktoba 2010 lilipiga marufuku pesa za simu na baadaye likazitumia kuwatoza wafanyabiashara. Lakini jiulize: iwapo laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la mtu usiyejua shughuli zake nyingine, na jina hilo likaingia kwenye orodha, utaenda kusema nini na kwa nani? Na iwapo wewe ndiye uliyesajili laini tano za jamaa, na mmoja wao akapokea pesa za watu wabaya, atakayeamkia kituoni ni nani?

Hapa naona hatari iliyo kubwa kuliko mlaghai wa kawaida. Mlaghai huchukua kilichomo siku hiyo. Jina baya hufunga kila kitu.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwenye noti. Hawa hawajaitazama noti ya Somalia kwa karibu. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria mwaka 2017 kwamba takriban asilimia 98 ya noti za shilingi ya Somalia zilizokuwa zikizunguka zilikuwa bandia. Ndiyo maana watu walikimbilia dola ndani ya simu. Huduma ya EVC Plus ya kampuni ya Hormuud, iliyoanza 2011, hubeba dola, na Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2018 kwamba Somalia ilikuwa na miamala ya simu ipatayo milioni 155 kwa mwezi, yenye thamani ya dola bilioni 2.7. Zaidi ya asilimia 70 ya watu wa umri wa zaidi ya miaka 16 walikuwa wakiitumia. Katika miji ya mpakani ya Jubaland, shilingi ya Kenya nayo ni pesa ya kila siku, kwa hivyo wengi wana laini mbili, moja ya dola na nyingine ya M-Pesa.

Kwa miaka kumi hivi EVC iliendeshwa bila leseni maalumu ya pesa za simu. Leseni ya kwanza ya aina hiyo ilitolewa na Benki Kuu ya Somalia kwa Hormuud Februari 2021. Na kitambulisho kipya cha taifa cha Somalia kilizinduliwa Septemba 2023, zaidi ya miongo mitatu baada ya ofisi za awali kuporwa. Kwa aliyerejea Kismayu au anayeishi Ras Kamboni, kadi hiyo ndiyo njia ya kuandikisha laini ya Somalia kwa jina lake halisi. Wanaoichukulia kama siasa za Mogadishu dhidi ya Jubaland wanajikosesha. Ugomvi wenyewe tunaujua. Ulifika hadi Ras Kamboni kwa risasi mnamo Desemba 11, 2024, wakati majeshi ya serikali kuu na yale ya Jubaland yalipokabiliana, na baadhi ya wanajeshi wa Mogadishu wakavuka kuingia Kenya. Lakini akaunti yako haina chama.

Sasa tuzungumze kuhusu kinachowezekana leo, kwa mtu aliye na simu mkononi.

Kwa mwenye kitambulisho cha Kenya, jambo la kwanza ni kujua laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake. Kwenye Safaricom, *106# humwonyesha. Wengine watashangaa kukuta nambari wasizozijua, zilizosajiliwa na ajenti aliyewahi kushika kitambulisho chao kwa dakika mbili. Zisizo zako ziripoti zifungwe. Zile ulizowasajilia jamaa, kaa nao mzungumze. Aliyepata kitambulisho chake baada ya vikwazo kulegezwa aandikishe laini yake mwenyewe, ahamishe pesa, awape wateja nambari mpya kwa sauti yake, si kwa ujumbe. Ni usumbufu wa wiki moja.

Kuna pia *100*100#, inayomwezesha mteja wa Safaricom kuzuia laini yake isibadilishwe kiholela. Mwenye laini ya kuazima hana uwezo huo kikamilifu, maana kufungua kizuizi kutahitaji yule mwenye jina.

Simu za kilaghai zinajulikana, lakini zingali zinaua. Safaricom imesema mara nyingi kwamba humpigia mteja kwa nambari moja tu, 0722000000. Anayepiga kwa nambari nyingine akidai ni wa kampuni na kutaka "kurekebisha usajili wako" ni mwongo, hata akiwa anajua jina lako lote. Wakenya wamezizoea simu za aina hii hadi wakazipa jina la gereza la Kamiti. Mtu wa mpakani yuko hatarini zaidi kwa sababu usajili wake kweli una kasoro, na anaogopa. Akiambiwa laini itafungwa leo, moyo unamruka, anataja tarakimu zote nne. Mlaghai ameshika penye kidonda.

Ujumbe wa "nimekutumia kimakosa, nirudishie" nao usijibiwe kwa kutuma. Angalia salio kwanza. Ikiwa pesa zimeingia kweli, mwache mwenyewe aombe zirudishwe na kampuni, kwa kutuma ujumbe wa muamala kwa 456. Njia hiyo hiyo itumie wewe ukikosea, na uwahi, maana pesa zikishatolewa kwa ajenti kazi inakuwa ngumu. Ujumbe wa kilaghai wenyewe utume kwa 333.

Barabara na bahari zina wizi wao. Mwenye bunduki akikutaka utoe nambari ya siri, utatoa, na ufanye hivyo. Kwa hivyo ulinzi wa njiani ni kutosafiri na pesa zote katika laini moja. Wafanyabiashara wazoefu huwa na laini ya kazi yenye pesa za wiki, na ile yenye akiba huachwa nyumbani, simu ikiwa imezimwa. Fungo la simu pekee halitoshi, kwa sababu mwizi huitoa laini na kuitia katika simu nyingine. Laini yenyewe iwekewe nambari yake ya kufungulia, kazi ambayo kijana yeyote wa dukani anaweza kukuonyesha, ila nambari uichague mwenyewe akiwa amegeuka.

Wenye benki za mtandaoni, hasa wale wenye watoto Uingereza, Marekani au Uarabuni wanaotuma pesa moja kwa moja kwenye akaunti, waepuke kuingia benki kwa simu ya mwenzao au tarakilishi ya dukani. Na mtoto aliye London akituma ujumbe kwamba amebadilisha nambari na anahitaji pesa haraka, msikie sauti yake kwanza. Hapa ule utaratibu wa hawala unafaa kurudishwa. Muulize jambo ambalo halimo katika simu yoyote: jina la mwalimu wake wa chuoni, au kisiwa alichozaliwa nyanya yake.

Yote haya yapo katika uwezo wa mtu binafsi. Lisilo katika uwezo wake ni pa kushtakia.

Mpaka wa Kenya na Somalia ulifungwa rasmi mwaka 2011. Mei 2023, serikali hizo mbili zilitangaza kwamba ungefunguliwa kwa awamu: Mandera kwanza, Liboi pili, kisha Kiunga na Ras Kamboni katika muda wa siku 90. Julai mwaka huo, baada ya mashambulizi kadhaa nchini Kenya, mpango ukaahirishwa. Biashara ya kamba mawe, sukari na mafuta haikungoja tangazo, wala M-Pesa haikungoja.

Matokeo yake ni kwamba mtu wa Ras Kamboni aliyeibiwa kwenye laini ya Kenya hana mlango wa kubisha. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kimtandao ya mwaka 2018 ina vifungu vya ulaghai na vya kujifanya mtu mwingine, lakini ili aripoti ni lazima afike kituo cha polisi Kiunga na aeleze kwanza amevukaje mpaka, halafu amepataje laini iliyo kwa jina la mtu mwingine. Walaghai wanalijua hili. Mwathiriwa asiyeweza kushtaki ni mwathiriwa mzuri kuliko wote. Siku awamu ya Kiunga itakapofika, mazungumzo kuhusu ushuru na pasipoti hayatakosekana. Je, kuna afisa atakayekumbuka kuweka meza ya kusajili upya laini za watu, bila kuwakamata kwa yaliyopita? Sijasikia likitajwa popote.

Limebaki jambo moja kwa waliorejea na kuziacha laini zao za Kenya zikafa. Pesa zilizokuwa ndani hazimezwi na kampuni moja kwa moja. Chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu mali ya kifedha isiyodaiwa, masalio ya M-Pesa yaliyolala kwa muda uliowekwa hupelekwa kwa mamlaka inayosimamia mali hiyo, UFAA, na mwenyewe au warithi wake wanaweza kuyadai. Aliye na laini ya Kenya hubonyeza *361# kutazama kama jina lake limo. Atakayedai huulizwa kitambulisho, na jina linalotafutwa ni lile lililoandikwa siku laini iliposajiliwa. Kwa hivyo ikiwa iliandikwa kwa jina la shangazi, mpigie shangazi akiwa hai.